John Charnley: daktari wa nyonga bandia aliyeijaribu plastiki kwenye paja lake mwenyewe

Mkazi wa Chanika, pale Handeni, akiambiwa na daktari kwamba nyonga yake imekwisha na inafaa ibadilishwe, maswali ya kwanza huwa ya pesa na safari. Atafikia kwa nani Dar es Salaam? Atakwenda Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, au atapandia Korogwe kwenda KCMC Moshi? Shamba litaangaliwa na nani? Haya ni maswali ya haki.

Lipo swali jingine ambalo si rahisi mtu kuliuliza, nalo ni kubwa. Hicho kiungo cha bandia kitadumu muda gani ndani ya mwili? Na zile dawa zote zinazotumika siku ya upasuaji, za kuua vijidudu, za kusafishia kidonda, za kuzuia damu, zinakifanya nini kiungo chenyewe?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kupitia maisha ya Sir John Charnley, daktari Mwingereza aliyefariki mwaka 1982. Nyonga za bandia zinazowekwa leo Dar es Salaam, Moshi, Nairobi au London zinafuata njia aliyoifungua yeye. Tumemchagua kwa sababu aliwahi kukosea vibaya, akakubali kwamba amekosea, na kutokana na kosa lile tukapata kiungo kinachodumu.

Mtoto wa mwenye duka la dawa

Charnley alizaliwa tarehe 29 Agosti 1911 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza, eneo la viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa, na mama yake aliwahi kuwa muuguzi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka 1935.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini kama daktari. Baadaye alipelekwa Cairo nchini Misri, ambako alitibu askari waliovunjika mifupa. Kule jeshini alizoea kukaa na mafundi wa karakana, akichora vifaa vya kushikia mifupa na kuwaomba wamtengenezee. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote. Aliamini kwamba daktari wa mifupa ana mengi ya kujifunza kwa fundi wa vyuma.

Baada ya vita alifanya jambo la kushangaza. Alitaka kujua jinsi kipande cha mfupa kinavyoshika kinapopandikizwa, akamwomba daktari mwenzake ampandikize kwenye muundi wa mguu wake mwenyewe. Kidonda kiliingia vijidudu, mfupa ukaoza, akalazimika kupasuliwa tena. Hivyo kabla hajawa bingwa wa kupambana na maambukizi kwenye mifupa, alikuwa ameyaonja mwilini mwake.

Nyonga iliyokuwa ikilia

Ili tuelewe alichokitafuta, tuangalie kwanza nyonga yenyewe. Mfupa wa paja una kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe kilichoko kwenye mfupa wa kiunoni. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu laini, na katikati yake kuna ute unaofanya viteleze.

Gegedu likiisha, mifupa husuguana. Maumivu yake hayalali. Kwetu mambo yanayoiharibu nyonga ni mengi: uzee, ajali za bodaboda, kuteguka kwa zamani kusikotibiwa, na ugonjwa wa selimundu, ambao unaweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hata mtu angali kijana.

Miaka ya 1940 na 1950 madaktari walikuwa wakikata kichwa kilichoharibika na kuweka kingine cha plastiki ngumu au cha chuma. Vingi vililegea. Charnley alikutana na mgonjwa aliyewekewa kichwa cha plastiki ambacho kililia kila alipojisogeza, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Wengine wangecheka tu. Yeye alijua kwamba mlio ni msuguano, na msuguano ndio unaokitikisa kiungo mpaka kinang'oka.

Hapo akaamua kutafuta vifaa viwili vinavyoteleza vyenyewe. Alichagua kichwa cha chuma kisichoshika kutu, kidogo cha upana wa milimita 22 na ushee, kikae ndani ya kikombe cha plastiki yenye utelezi mkubwa. Plastiki aliyoichagua ilikuwa Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande.

Saruji ya meno yaingia kwenye mifupa

Lilibaki tatizo la kukishikiza kiungo kwenye mfupa. Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester, alimshauri ajaribu akriliki, aina ya plastiki iliyokuwa ikitumika kutengenezea meno ya bandia. Charnley alianza kuitumia kwenye nyonga mwaka 1958.

Leo inaitwa saruji ya mifupa. Inakuja kama unga na maji yake katika vifungashio viwili. Kwa kawaida unga huwa gramu 40 hivi, na maji yake mililita 20. Vikichanganywa vinakuwa kama ugali mlaini, daktari anausukuma ndani ya mfupa, anaweka kiungo, na baada ya dakika kama kumi mchanganyiko umeganda. Wakati wa kuganda unatoa joto.

Charnley alisisitiza kwamba saruji hii si gundi. Hainati. Kazi yake ni kujaza kila upenyo kati ya chuma na mfupa, ili uzito wa mtu usambae sawasawa na chuma kisicheze. Fundi anayesimika nguzo ya geti na kumimina zege shimoni ataelewa mara moja.

Maji ya saruji hiyo yana harufu kali, na kuiweka saruji kunaweza kuiathiri presha ya mgonjwa. Ndiyo maana daktari anayepasua humtahadharisha daktari wa usingizi kabla hajaiweka, ili mgonjwa aangaliwe kwa karibu katika dakika hizo. Tayari tunaona jambo moja: kilichowekwa kama kifaa kinafanya kazi pia kama dawa, kwa sababu sehemu yake inaingia kwenye damu.

Nyonga 300 zinazoharibika

Mwanzoni matokeo ya Teflon yalikuwa ya kufurahisha. Watu waliokuwa hawatembei walitembea. Madaktari walifika kutazama. Mwaka 1961 kituo maalumu cha upasuaji wa nyonga kilifunguliwa katika hospitali ya Wrightington, ambayo zamani ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Ndipo wagonjwa walipoanza kurudi. Ndani ya miaka miwili mitatu, vikombe vya Teflon vilikuwa vimelika. Kichwa cha chuma kilikuwa kikichimba plastiki na kuzama ndani yake. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye ule unga uliobaki. Chembechembe za Teflon zilitapakaa kuzunguka nyonga, mwili ukazipiga vita, ukajenga vinyama na uchafu kama jibini, na mfupa wa pembeni ukaanza kuliwa. Waliokuwa wamewekewa walikuwa karibu watu 300.

Ni rahisi kufikiri tungefanya nini sisi. Jina lake lilikuwa limeshapanda. Angeweza kuwalaumu wagonjwa kwamba wametembea mno, au kuwaachia madaktari wengine wahangaike nao. Charnley aliwaita, akawapasua upya, akatoa vilivyoharibika. Kila kikombe alichokitoa alikipima kuona kimelika kiasi gani. Ile aibu aliigeuza kuwa somo.

Mei 1962 muuzaji mmoja alifika Wrightington na kipande cha plastiki nyingine, polithilini ngumu, iliyokuwa ikitumika kwenye gia za mashine za viwanda vya nguo. Charnley hakuvutiwa nayo. Fundi wake wa mitambo, Harry Craven, aliifunga kwenye mashine ya kusugua waliyokuwa wameitengeneza, akaiacha izunguke usiku na mchana huku bosi wake akiwa safarini. Baada ya wiki tatu, plastiki ile ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja.

Safari hii Charnley hakukimbilia kwa wagonjwa. Alipandikiza vipande vya plastiki zote mbili chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe, akasubiri kwa miezi. Pale palipokuwa na Teflon pakavimba na kuwa na uvimbe unaoshikika. Palipokuwa na polithilini hapakuwa na kitu cha kulalamikia. Mwaka 1963 aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari la The Lancet ili wengine wasirudie kosa lake.

Vikombe vya polithilini alianza kuwawekea wagonjwa Novemba 1962. Kwa miaka kadhaa hakuruhusu vifaa vyake kuuzwa ovyo. Daktari aliyetaka kuvitumia ilibidi kwanza afike Wrightington kujifunza. Na aliwaomba wagonjwa wakubali kwamba siku watakapofariki, hata ikiwa ni baada ya miaka mingi, nyonga zao zitolewe na kuchunguzwa. Wengi walikubali.

Hewa safi kwanza, dawa baadaye

Adui wa pili alikuwa maambukizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kati ya wagonjwa 100 wa Charnley, 7 hadi 9 walipata vijidudu kwenye nyonga mpya. Hii ni balaa kubwa kuliko jipu la kawaida. Chuma na plastiki havina damu inayopita ndani yake. Vijidudu vikishajibandika juu yake hujifunika utando, na dawa ya kumeza au ya sindano inashindwa kuvifikia vyema. Mara nyingi dawa yake inakuwa kukitoa kiungo chote.

Kwa hiyo kiungo kigeni kinabadilisha jinsi dawa inavyofanya kazi. Dozi inayoponya kidonda cha mguuni inaweza kushindwa kabisa pale penye chuma.

Charnley alishuku kwamba vijidudu vinaingia kupitia hewa ya chumba cha upasuaji. Akajengewa kijumba ndani ya thieta, ambamo hewa iliyochujwa ilishuka kutoka juu bila kukoma. Waliopasua walivaa mavazi yanayofunika mwili mzima, yenye bomba la kunyonya pumzi zao. Hayo yote aliyafanya bila kuwapa wagonjwa antibayotiki za kinga, ili ajue hasa hewa safi peke yake inafanya nini. Kufikia mwaka 1970 maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Dawa ilipochanganywa kwenye saruji

Wakati huo huo, mjini Hamburg nchini Ujerumani, daktari Hans-Wilhelm Buchholz alikuwa na wazo jingine. Badala ya kuisubiri dawa ifike kwenye nyonga kupitia damu, kwa nini isichanganywe ndani ya saruji yenyewe? Mwaka 1970 yeye na mwenzake Heinz Engelbrecht walieleza jinsi antibayotiki zilizochanganywa na saruji ya mifupa zinavyotoka kidogo kidogo na kuua vijidudu palepale. Iliyopata umaarufu zaidi ni gentamaisini, ambayo watu wengi wanaijua kama sindano.

Hapo ndipo dawa na kifaa vinapokutana uso kwa uso, na ndipo panapotakiwa uangalifu. Fikiria anayefyatua matofali ya saruji. Akiweka mchanga kwa kipimo, tofali linakuwa imara. Akizidisha, linameguka mkononi. Saruji ya mifupa iko hivyohivyo. Chembe za dawa si sehemu ya ule mshikamano; zinakaa katikati yake, na zikishayeyuka na kutoka zinaacha vitundu.

Dawa ikiwa kidogo, nguvu ya saruji haipungui kwa kiasi cha kutia hofu. Saruji nyingi zinazotoka kiwandani na dawa ndani yake huwa na nusu gramu hadi gramu moja kwa kila gramu 40 za unga. Dawa ikiwa nyingi, saruji inadhoofika, na inaweza kupasuka chini ya uzito wa mtu anayetembea kila siku. Madaktari hutumia kiasi kikubwa pale tu ambapo kiungo tayari kimeoza na kinawekwa cha muda, ambacho hakitarajiwi kubeba mzigo kwa miaka.

Dawa ya unga na dawa ya maji nazo hazifanani. Antibayotiki ya maji ikimiminwa kwenye saruji huidhoofisha kupita kiasi, kama zege lililotiwa maji mengi. Ndiyo maana kichupa cha sindano hakifai kazi hii. Hutumika unga ulioandaliwa. Na kwa kuwa saruji hutoa joto inapoganda, inachaguliwa dawa isiyoharibika kwa joto. Gentamaisini huvumilia, na vankomaisini pia. Si kila antibayotiki iko hivyo.

Lipo pia jambo la muda. Dawa nyingi hutoka saa na siku za mwanzo, kisha inabaki ikichuruzika kidogo sana. Kiasi kidogo kisichoua kinaweza kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Kwa hiyo saruji yenye dawa haifuti haja ya usafi wa thieta wala ya sindano ya kinga anayopewa mgonjwa kabla ya kukatwa.

Jambo hili lilipimwa. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza na Sweden, wa operesheni zaidi ya 8,000 za nyonga na magoti, ulitoa matokeo yake Julai 1982. Ulionyesha kwamba hewa safi sana ilipunguza maambukizi makubwa kwa karibu nusu, na kwamba antibayotiki za kinga nazo zilipunguza kwa kiasi kikubwa. Vyote viwili vikiwa pamoja, matokeo yalikuwa mazuri zaidi. Charnley aliyeanza na hewa hakukosea, na waliosimamia dawa hawakukosea pia.

Mwezi mmoja hivi baadaye, tarehe 5 Agosti 1982, Charnley alifariki dunia akiwa na miaka 70. Alikuwa ameshapewa tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka 1974 na cheo cha Sir mwaka 1977.

Swali lake bado linaulizwa

Tangu wakati huo dawa zimeongezeka. Siku hizi kuna madaktari wanaomimina dawa ya kuzuia damu ndani ya kiungo, wanaonyunyiza unga wa vankomaisini kabla ya kushona, au wanaosafisha kwa maji yenye iodini. Kila moja ina faida inayotafutwa. Lakini kila moja inarudisha swali la Charnley: kikombe cha plastiki kitaathirika? Chuma je? Punje ngumu ikibaki katikati inafanya kazi kama mchanga ndani ya bearingi ya baiskeli, na hata vipande vya saruji yenyewe vikiachwa humo husaga plastiki. Ndiyo maana maabara hufunga viungo kwenye mashine za kusugua na kuvizungusha mamilioni ya mara, kama Harry Craven alivyofanya, kabla ya kuamini kwamba dawa fulani haina madhara.

Kwako wewe msikilizaji

Kama wewe au ndugu yako mnajiandaa kwa upasuaji wa nyonga au goti, maisha ya daktari huyu yana mambo manne ya kuondoka nayo.

Kwanza, mweleze daktari dawa zote unazotumia: za presha, za sukari, za kuyeyusha damu, na za mitishamba pia. Mwambie kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, hasa antibayotiki, kwa kuwa inaweza kuwa ndiyo iliyomo kwenye saruji.

Pili, uliza. Kiungo changu kitashikizwa kwa saruji? Ina dawa gani? Omba maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi zako, na uzitunze pamoja na picha za eksirei. Ukija kupasuliwa tena baada ya miaka 15, daktari mpya atazihitaji.

Tatu, baada ya upasuaji kidonda kikitoa majimaji, ukipata homa, au maumivu mapya yakianza hata baada ya mwaka, usikimbilie duka la dawa kununua antibayotiki. Dawa ya kubahatisha inaweza kuvificha vijidudu wakati wa kipimo bila kuvimaliza. Nenda hospitali ya wilaya, nao watakuelekeza Bombo, KCMC au kule ulikopasuliwa.

Nne, rudi kliniki hata kama huumwi. Tunajua nauli kutoka Chanika si ndogo, na mtu anayetembea vizuri haoni sababu ya safari. Lakini plastiki hulika kimyakimya, na picha inaweza kuonyesha mfupa unaoliwa kabla wewe hujahisi chochote. Charnley alijua ukweli kuhusu Teflon kwa sababu watu wake walirudi na yeye akakubali kuwatazama. Wagonjwa wale 300 walipata shida ambayo hawakustahili. Kila anayetembea leo kwa nyonga ya bandia ana deni kwao pia, si kwa daktari peke yake.